Floyd Rose: kabla hujanunua springi na bloki mpya, liseti kwanza

Wadau wa gita habari zenu, karibuni sana. Leo mezani nina gita la umeme lenye daraja la Floyd Rose (daraja ni kile chuma cha kwenye bodi kinachoshika nyuzi), lile linalofunga nyuzi sehemu mbili, juu kwenye nati, yaani kile kipande nyuzi zinapopita kati ya shingo na kichwa, na chini kwenye daraja lenyewe. Nataka tuliangalie kama bidhaa, afu nikuonyeshe linavyosetiwa, maana hivi vitu viwili huwezi kuvitenganisha kabisa. Watu wengi wanasema hili daraja halikai kwenye tyuni, wanaanza kununua bloki mpya (kile kipande kizito cha chuma chini ya daraja), springi mpya, ukiligeuza gita ukaangalia nyuma unakuta daraja ni zima tu ila halijawahi kusetiwa tangu litoke kwenye boksi.

Kwa kifupi sana, huyu Floyd Rose ni mwanamuziki wa Marekani, wazo lake alilipata miaka ya 1970 na hataza, yaani haki ya uvumbuzi, akapewa 1979. Shida aliyokuwa anaipiga vita ni ile ya ukibonyeza mkono wa tremolo, ile fimbo ya kuyumbisha daraja, nyuzi zinalegea, zinateleza pale kwenye nati na kwenye funguo za kichwani, zikirudi hazirudi palepale. Yeye akaamua uzi ubanwe kotekote usiwe na pa kuteleza. Eddie Van Halen alikuwa wa mwanzo mwanzo kulitumia, baadaye akina Steve Vai na Joe Satriani wakalifikisha mbali. Matoleo ya mwanzo hayakuwa na zile skrubu ndogo za kutyunia pale nyuma ya daraja, kwa hiyo ukishafunga nati, uzi ukisogea kidogo tu inabidi ufungue tena. Hizo skrubu ndogo zilipokuja ndo daraja likawa kitu cha kutumika na kila mtu.

Sasa kwenye matoleo, usichanganye. Lile linaloitwa Original lina saddle (vile vipande vya darajani, kila kimoja kinabeba uzi wake) za chuma kigumu na bloki ya brasi, na lile la bei ya chini, Special, saddle na bloki yake ni za zinki iliyochanganywa. Zinki ni laini zaidi, kwa hiyo hapo mkono wako uwe mwepesi unapokaza skrubu. Lakini nasema hili nikimaanisha: Special iliyosetiwa vizuri inakaa kwenye tyuni kuliko Original iliyosetiwa hovyo.

Haya geuza gita. Fungua hiki kifuniko cha nyuma, unaona springi, hapa ziko 3, upande mmoja zimeshika bloki ya daraja na upande mwingine zimeshika hiki kibao cha chuma chenye skrubu mbili ndefu zilizoingia kwenye mbao. Huu ni mchezo wa kuvuta kamba. Nyuzi zinavuta mbele, springi zinavuta nyuma, na daraja linasimama pale nguvu zinapolingana. Nyuzi za 009 hadi 042 (huo ni unene kwa elfu za inchi, wa uzi mwembamba kabisa hadi mnene kabisa) kwenye gita la skeli ya inchi 25.5, yaani urefu wa uzi kutoka nati hadi daraja, tyuni ya kawaida, zote sita zinavuta kama kilo 38 hivi. Ukiweka 010 hadi 046 inakuwa kama kilo 46. Umeona hiyo tofauti? Ndo maana mtu anabadilisha seti ya nyuzi bila kugusa springi, daraja linanyanyuka mkia juu, nyuzi zinakaa mbali na freti, anasema gita limeharibika.

Unachotaka ni bamba la daraja lilale sambamba na bodi. Liangalie kutoka ubavuni, jicho liwe usawa wa bodi kabisa, usiangalie kutoka juu utadanganyika. Mkia ukiwa juu kaza zile skrubu mbili za nyuma, ukiwa umezama legeza, robo mzunguko tu kila mara, afu utyuni tena ndo uangalie. Na hapo kwenye kutyuni ndo watu wanakata tamaa, kwa sababu ukiupandisha uzi wa E ule mnene wengine wote wanashuka, ukipandisha A, E nayo inashuka, unazunguka mpaka unachoka. Dawa yake: chukua kipande cha mbao, kichomeke nyuma kati ya bloki na ukuta wa tundu, upande wa mkanda, yaani kitakoni mwa gita, sio upande wa shingo, kiwe na unene wa kulishikilia daraja likiwa limelala sawa. Springi ziwe zimelegea kidogo ili nyuzi ndo zikibane hicho kipande. Tyuni nyuzi zote kama gita la kawaida, daraja haliendi popote. Ukimaliza anza kukaza springi taratibu, pande zote mbili sawasawa, mpaka kile kipande kianze kulegea kitoke chenyewe. Hapo uko karibu sana na mwisho, kinachobaki ni marekebisho madogo.

Turudi mbele. Angalia hapa kwa karibu, hizi nguzo mbili, na hapa bamba linapozigusa kuna makali kama ya kisu. Daraja zima linaegemea hayo makali. Kwa hiyo ukitaka kushusha au kupandisha daraja kwa kuzungusha nguzo, legeza nyuzi kwanza tafadhali, usizungushe nguzo huku kilo zote zile zinayakandamiza hayo makali, utayaharibu. Makali yakishapata pengo, hata ufanye nini daraja halirudi palepale. Kimo mimi napenda milimita 1.5 hadi 2 kwenye freti ya 12, chini ya hapo nyuzi zinaanza kulia kwenye freti.

Kuweka nyuzi: kata kile kishanga cha mwisho, ingiza uzi kwenye saddle, banisha kwa funguo ya aleni ya milimita 3. Ikishabana inatosha, usitumie nguvu za kufungua tairi. Weka skrubu ndogo za kutyunia katikati ya safari yake, ili ubaki na nafasi ya kupanda na kushuka, afu vuta kila uzi kwa vidole, tyuni, vuta tena, mpaka uache kushuka. Hapo ndo unafunga nati, sio kabla. Na kama ukifunga nati noti zote zinapanda juu, angalia ile fimbo ya chuma nyuma ya nati, ishushe mpaka nyuzi zilale vizuri kwenye nati hata kabla hujafunga.

Intonesheni, yaani noti kuwa sahihi shingo nzima, nitagusa tu, inahitaji video yake: noti ya freti ya 12 ikiwa juu kuliko hamoniki yake (ile sauti ya kuugusa uzi kidogo tu juu ya freti hiyo bila kuubonyeza), legeza uzi, sogeza saddle nyuma, rudisha. Inachosha lakini ifanye, na uifanye daraja likiwa tayari limelala sawa.

Sasa je ununue? Kama unapiga tyuni moja na unapenda kubonyeza mkono mpaka nyuzi zining'inie kisha zirudi zilivyokuwa, hakuna kitu kinalifikia hili daraja, nasema kwa moyo mmoja. Kama kila wimbo wa pili unashusha E kwenda D, utateseka, labda ulibane lisizame. Ujue pia uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo zote tano zilizobaki zinapanda, na ukibendi G, yaani ukiusukuma uzi pembeni sauti ipande, huku umeacha B inalia, B itashuka kidogo, hiyo ni asili ya daraja linaloelea, sio ubovu. Kwa hiyo kwenye begi lako la gita funguo za aleni zisikosekane, pamoja na seti ya nyuzi za unene uleule uliosetia. Niandikie hapo chini unatumia unene gani na springi ngapi, nikiona daraja lako linanyanyuka au linazama nitakujibu uanzie wapi.