Meno manne mazima yaling'olewa ili mengine yapate nafasi: huduma niliyoipata

Daktari hakugusa koleo mpaka nilipokwenda kwake mara ya tatu, na hilo ndilo la kwanza ninalomsifia. Kabla yake nilikuwa nimepita kliniki nyingine. Nikaketi, nikafungua kinywa, na dakika tano hazijaisha nikaambiwa, "Manne yatoke." Hapakuwa na picha wala kipimo. Sikurudi tena pale.

Meno yangu yalibanana tangu yale ya utotoni yalipong'oka. Chonge la juu, upande wa kushoto, lilichomoza juu kabisa ya ufizi, na meno ya mbele ya chini yalipandana moja juu ya jingine. Kwa miaka mingi nilicheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja. Hata hivyo, kilichonitoa nyumbani nikiwa na miaka 27 ni fizi. Zilikuwa zinatoka damu kila nikipiga mswaki, uzi wa meno haukupenya, na ugaga uliganda nyuma ya meno ya chini kila baada ya muda mfupi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya vipimo tu: eksirei ya mataya yote, nyingine ya kichwa kwa ubavuni, picha za uso, na mfano wa meno yangu wa plasta. Daktari aliuweka mfano huo mezani mbele yangu, akapima upana wa jino mojamoja, akajumlisha, halafu akapima nafasi iliyopo. Taya la chini lilipungukiwa na milimita 9, la juu 8. Akaniambia upungufu ukiwa milimita tatu au nne, mara nyingi inatosha kusaga kidogo sana kwenye mbavu za meno, au kupanua upinde wa meno. Kwa kinywa changu, njia hiyo ingeyasukuma meno ya mbele mpaka ukingoni mwa mfupa unaoyashikilia, na fizi zingeanza kushuka. Gego dogo la kwanza, jino linalofuata nyuma ya chonge, lina upana wa takriban milimita 7. Ukitoa moja kulia na moja kushoto, taya linapata karibu milimita 14.

Nikauliza: kwa nini asitoe hilo chonge lenyewe lililokaa vibaya? Akanionyesha kwenye eksirei. Chonge ndilo lenye mzizi mrefu kuliko meno yote, nalo ndilo linalojaza kona ya mdomo. Gego dogo liko jirani kabisa na msongamano, na la pili lililo nyuma yake linafanana nalo kiasi cha kuziba nafasi yake bila mtu kugundua. Akaongeza kwamba madaktari wenyewe wamebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka 100. Edward Angle wa Marekani alishikilia kwamba meno yote yabaki, na mwaka 1911 Calvin Case akautetea ung'oaji pale unapohitajika. Baadaye Charles Tweed, aliyekuwa mwanafunzi wa Angle, hakuridhika na matokeo ya wagonjwa wake mwenyewe, akawatibu wengi upya kwa kuwang'oa magego madogo. Nilipenda kuambiwa kwamba ubishi upo. Aliyenificha hilo kule kwingine alinidharau.

Mama hakuafiki. "Mwanangu, jino zima unalitoa la nini? Likitoka halirudi." Nilimpelekea daktari maneno hayo kama yalivyo. Akasema mama yuko sahihi, halirudi, kwa hiyo nikafikiri kwa wiki mbili kabla ya kutia sahihi.

Yalitolewa kwa siku mbili tofauti, kulia kwanza, ili nibaki na upande wa kutafunia. Sindano ya ganzi kwenye paa la kinywa iliuma sana, sitaficha. Baada ya hapo nilihisi mgandamizo tu, na mlio wa kukwaruza uliosikika ndani ya kichwa. La chini lilitoka upesi. La juu lilimpa kazi, maana mara nyingi huwa na mizizi miwili myembamba inayoweza kukatika. Alilitikisa taratibu, nje na ndani, bila papara. Nilipoliona kwenye trei, jeupe, halina hata doa, machozi yalinitoka. Muuguzi akanishika bega: "Pole, dada." Sijausahau mkono ule.

Maelekezo niliyopewa kwenye karatasi yalikuwa wazi. Ung'ate shashi kwa nusu saa. Kwa saa 24 usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, kwa sababu damu iliyoganda kwenye tundu ndiyo inayoufunika mfupa. Ikibanduka, maumivu makali huja siku chache baadaye. Kisha maji ya chumvi ya vuguvugu. Kulia kulipona vizuri. Kushoto damu iliendelea kuchuruzika mpaka usiku, nikapiga namba yao ya dharura mara tatu, ikaita bila kupokelewa. Hapo nawakata alama, tena nyingi. Ni ile karatasi iliyoniokoa: nikang'ata shashi safi kwa nusu saa nyingine bila kuchungulia, damu ikakata.

Nyaya za kuyavuta meno yakae sawa zilifungwa wiki iliyofuata. Kuishi na mapengo manne kunachosha kuliko kung'olewa kwenyewe, na hilo nilitamani walisemee zaidi. Jino husogea kama milimita moja kwa mwezi. Upande linakoelekea mfupa huliwa, upande linakotoka mfupa mpya hujengwa, na ukilivuta kwa pupa mzizi unaweza kufupika. Chonge langu lilishuka mahali pake mwezi wa tano. Mapengo ya chini yalizibika mwezi wa 11, ya juu wa 13. Kazi nzima ilichukua miezi 26; walikuwa wameniambia 24.

Niliogopa pia kwamba uso ungebonyea, kama nilivyotishwa na wengi. Mwishoni daktari aliziweka eksirei mbili za ubavuni pamoja, ya kabla na ya baada. Midomo ilirudi nyuma kidogo mno, kwa sababu sehemu kubwa ya nafasi ilimezwa na meno yaliyokuwa yamebanana. Mtu ambaye meno yake hayajabanana sana angeweza kuona tofauti kubwa zaidi, na ndiyo maana nauthamini mno uangalifu wa vipimo vile vya mwanzo.

Siku ya kuvua nyaya walikuwa na haraka. Kifaa cha kuyashikilia meno nilikabidhiwa kwa sentensi mbili nikiwa nimeshasimama, ilhali bila hicho meno huanza kurudi yalikotoka. Ilinibidi nirudi kesho yake kuuliza nikivae saa ngapi, nikioshe vipi, mpaka lini. Nyota nne kati ya tano.

Nakivaa kila usiku. Juzi uzi wa meno ulipita katikati ya meno yote ya chini, kuanzia gego mpaka gego, ukatoka mweupe.