ProPublica: chombo cha habari kisichomdai msomaji senti

Kwa miaka kadhaa nimekuwa msomaji wa ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi kilichoasisiwa New York mwaka 2007 na kuanza kuchapisha mwaka uliofuata, na hadi leo sijadaiwa hata senti moja. Hakuna usajili wa kulipia, wala ukuta unaokukatiza katikati ya habari ukitaka namba ya kadi yako. Gharama hubebwa na wafadhili na wachangiaji. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza kama mkono uliojaa nao haulambwi. Hilo ndilo lililoniongoza katika tathmini hii.

Kazi yenyewe ni ya kiwango cha juu sana. Habari ninayoirudia mara kwa mara ni ya Sheri Fink, aliyetumia zaidi ya miaka miwili kuchunguza vifo vya wagonjwa katika hospitali ya New Orleans iliyozingirwa na maji baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005. Ilichapishwa kwa ushirikiano na jarida la New York Times mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari nchini Marekani, ikiwa ya kwanza kuchukuliwa na chombo cha habari cha mtandaoni. Uvumilivu wa namna hiyo ni aghali, na ndio hasa ninaoamini michango inapaswa kuununua.

Kinachonivutia zaidi ni kitufe kidogo kinachoambatana na habari zao nyingi, kinachoruhusu chombo kingine kuichapisha upya bila malipo. Ukikibonyeza unakutana na masharti yaliyoandikwa kwa lugha nyepesi: mtaje mwandishi pamoja na ProPublica, usiiuze habari peke yake, wala usiihariri, isipokuwa kwa mambo kama kubadili "jana" kuwa "wiki iliyopita". Mfanyabiashara hawezi kugawa bidhaa yake hivyo akabaki sokoni, lakini kwa shirika lisilotafuta faida, kila anayeichapisha upya amelisaidia kutimiza lengo lake.

Kuhusu fedha, ProPublica imejenga hifadhidata iitwayo Nonprofit Explorer, ambamo unaweza kusoma Fomu 990 ambazo mashirika ya aina hii huwasilisha kwa mamlaka ya kodi ya Marekani. Andika jina la ProPublica yenyewe nalo litatokea, pamoja na mapato, matumizi na mishahara ya viongozi wake. Nimeipenda sana hatua hii ya kujiweka kwenye mizani ileile wanayowapimia wengine. Hata hivyo, sheria haiyalazimishi mashirika haya kuwatangazia wananchi majina ya wafadhili yaliyomo katika fomu hiyo, na hivyo uwazi juu ya nani ametoa nini unategemea uamuzi wa chombo chenyewe. Kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa katika mfumo mzima.

Hatari ya kutegemea mifuko mikubwa ilionekana wazi mwaka 2022. Wakfu wa familia ya Sam Bankman-Fried, tajiri wa sarafu za kidijitali, ulikuwa umeiahidi ProPublica dola milioni 5, na sehemu yake ilikwisha kupokelewa wakati FTX, kampuni yake ya kununulia na kuuzia sarafu hizo, ilipofilisika mwezi Novemba. ProPublica ilitangaza kwamba itazirudisha fedha hizo. Uamuzi ulikuwa sahihi, na ulitangazwa hadharani, lakini chombo kidogo kilichokwisha kuajiri waandishi kwa ahadi kama hiyo kingeyumba vibaya. Ndiyo maana ninathamini zaidi michango midogo ya wasomaji wengi kuliko hundi moja nene.

Msomaji mpya ningemshauri aanzie kwenye hifadhidata hiyo, atafute shirika analolifahamu vizuri na asome fomu yake mstari kwa mstari, kisha ndipo afungue habari ndefu, akiwa na saa nzima ya utulivu.