Bei ya kufunga au bei ya kupanda na kushuka?
Kwa nchi ambazo mteja anajichagulia kampuni ya umeme au gesi, ukihama kampuni usiogope kukatiwa, nyaya na mabomba ni yaleyale, anayebadilika ni anayekutumia bili tu. Shughuli iko kwenye mkataba. Ukifunga bei, kila uniti (kWh) inabaki palepale mpaka mkataba uishe hata soko lichachamae, ila ukitoka katikati wanaweza kukulima faini, na bei zikishuka utabaki unawaangalia wenzako. Ile ya kupanda na kushuka, kuhama ni rahisi ila bei ikipaa imekula kwako. Mi mwenye bajeti ya kubana namwambia afunge, lakini acheki kwanza ada ya kila siku maana inalipwa hata usipowasha taa, kuna ofa uniti cheee halafu ada ndo inakumaliza. Na siku ya kuhama piga picha mita, wasije wakakubambikia uniti.