"Bibi, mtoto yuko wapi?" Siku niliyompeleka mama kuchanjwa nimonia

Nimejizuia siku kadhaa nisiandike, nikisema hasira itapoa. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Mama yangu ameshavuka sabini na ana sukari. Masika iliyopita alilazwa kwa nimonia. Siku ya kuruhusiwa, daktari wa wodini alitushika mkono akatuambia akipata nguvu tumpeleke akachanjwe, nimonia na mafua, maana safari nyingine mapafu yake huenda yasistahimili. Asubuhi moja nikampeleka kituo cha afya kilicho karibu nasi. Ukutani kuna bango, "Mzee Kwanza". Dirisha la wazee lipo kweli, na ukishafika 60 kumwona daktari hulipi. Hilo ni jema na sitalificha kwa kuwa nimeudhika.

Dirishani wakasema chanjo si kwao, twende kliniki ya mama na mtoto. Tukaenda. Tukakaa benchi moja na kina mama wenye vichanga, mama kajitanda kanga yake ya kutokea, kadi ya sukari mkononi. Zamu yetu ikafika. Nesi, binti wa kuweza kuwa mjukuu wake, hakumwamkia. Hata shikamoo! Akauliza macho yakiwa kwenye daftari:

"Bibi, mtoto yuko wapi?"

"Nimekuja kuchanjwa mimi, mwanangu."

Hapo ndipo akainua macho, akamgeukia mwenzake, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Kwa umri huo chanjo ya nini tena, bibi? Hizi ni za watoto."

Benchi likacheka. Mama akaifunga kadi yake kwenye pindo la kanga, polepole, akasema, "Twende zetu."

Kwa umri huo! Neno hili limenikaa kooni mpaka leo. Umri huo ndio sababu yenyewe iliyotupeleka. Nimonia huwaua zaidi vichanga na wazee, kwa kuwa kinga ya mmoja haijakomaa na ya mwingine imechoka. Nesi anayewachoma watoto chanjo hiyo kila siku, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, anajua vizuri inazuia nini. Alichokosa ni kumwona mama yangu kama mtu ambaye bado ana uhai wa kulindwa.

Nilikuwa nimeshakata shauri nikiandika maoni ya kituo hiki mtandaoni niwape nyota moja na matusi juu. Lakini hatujafika getini, nesi mwingine, mama mtu mzima, akatukimbilia. "Shikamoo mama, nisamehe kwa yaliyotokea ndani." Akamkalisha kivulini. Akatueleza kwamba chanjo ya nimonia iliyo kwenye friji yao huletwa kwa hesabu ya watoto na kila dozi inaandikwa. Akimchoma mtu mzima, kuna mtoto atakosa na yeye atakuwa na la kujibu. Mtu mzima hana fungu lake pale. Akatuandikia kwenye karatasi majina ya chanjo za kuulizia hospitali binafsi, na akasisitiza tusinunue mahali ambapo hatujaiona ikitolewa kwenye ubaridi. Yule mama Mungu ambariki. Kwa ajili yake nilipandisha hadi nyota tatu.

Kisha tukaenda huko binafsi. Chanjo ya nimonia ipo, na bei yake ni kodi ya chumba changu ya mwezi. Ya mafua imekwisha, turudi. Nikauliza ya mkanda wa jeshi, kwa kuwa mama mdogo uliwahi kumtesa miezi, mhudumu akanitazama tu. Nikalipa ile moja, mama akachomwa, bega likamuuma siku mbili, yakaisha.

Nikiwa nahesabu zile noti hasira ikanirudia, na safari hii haikuwa ya yule binti peke yake. Mama akiugua nimonia, alazwe, atundikiwe dripu, ana haki ya kutibiwa bure. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inawatambua wa 60 na kuendelea. Kumkinga asiugue ndiko ninakolipia mimi. Nani alipiga hesabu hii?

Wala msiniambie haiwezekani. Jirani yetu ni mkubwa kuliko mama. Alipokwenda Makka alichanjwa homa ya uti wa mgongo, kwa kuwa Saudia haimpokei hujaji asiyechanjwa, na hakuna aliyemwuliza kwa umri huo ya nini. Mwaka 2021, Rais Samia alipozindua chanjo ya Uviko kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani, wenye miaka 50 na zaidi waliwekwa kundi la mwanzo, pamoja na wahudumu wa afya na wenye maradhi ya kudumu kama sukari. Mama alichomwa sindano yake moja akarudi nyumbani anatembea kwa madaha. Siku zile umri ndio uliokupitisha mbele. Dada yangu yuko Uingereza, anasema huko mtu akifika 65 anapewa bure ya nimonia, na ya mafua kila mwaka. Sidai tuwe Uingereza. Nadai kliniki ya sukari, ambako wazee wetu wamejaa tayari kila wiki, iwe na friji na fungu la chanjo zao, ili asiwepo mzee wa kupelekwa kwenye benchi la vichanga akachekwe.

Sasa nyota ngapi? Tatu nilizompa yule mama wa getini ni zake yeye. Kituo nakirudisha kwenye moja.

Kliniki ya sukari ni Jumatano. Mama amesema pale harudi, hata dawa ikiwa bure. Tutapanda daladala mbili tumpeleke kwingine.