TAHADHARI: Waya wa 2.5 wa bei chee, taa inawaka dukani lakini pampu haizunguki

Wadau wa ujenzi, mafundi wenzangu, na yeyote mwenye mpango wa kuvuta umeme hadi kisimani, bandani au getini: kuna rola za waya wa 2.5 (unene wa waya wa ndani kwa milimita za mraba) zinauzwa Kariakoo na kusambazwa mikoani. Zimeandikwa shaba tupu, mita 100, na bei yake inakaribia nusu ya waya halali. Si shaba. Ni alumini iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba, tena yenyewe ni nyembamba kuliko ilivyoandikwa. Duka lililomuuzia mteja wangu silitaji, kwa sababu mzigo huohuo nimeukuta maduka mengine, na kulitaja moja ni kuwasafisha waliobaki.

Mteja ni mzee mmoja wa Mlandizi, kisima chake kiko kama mita 80 kutoka nyumbani. Alinunua rola mbili mwenyewe na pampu mpya ya HP 1.5, kijana wa mtaani akamfungia. Kuwasha, pampu inanguruma tu, haizunguki, na baada ya sekunde chache breka inakata. Akarudi dukani. Muuzaji akachukua kipande cha waya uleule, akakiunga na taa ya LED palepale kaunta, ikawaka. "Waya mzima huu mzee wangu, pampu yako ndiyo mbovu." Mzee akabadilisha kapasita (kifaa cha kuianzishia mota), pampu ikanguruma. Akaisukisha upya mota, yaani ikafungwa koili mpya, ikanguruma vilevile. Ndipo nikaitwa.

Utapeli wote uko kwenye kile kipande cha kaunta. Ukinzani wa waya, yaani jinsi unavyozuia umeme kupita, unakwenda na urefu wake: waya ukirefuka mara mbili, ukinzani nao unakuwa mara mbili, ukirefuka mara mia, mara mia. Mwalimu Mjerumani Georg Ohm alilipima jambo hili kwa vipande vya waya vya urefu tofauti miaka ya 1820, na watoto wa sekondari bado wanalipima kwa rula na betri. Sasa kipande cha mita moja, hata kiwe kibovu namna gani, kina ukinzani mdogo mno, na taa ya wati 9 haivuti hata ampea 0.1. Taa hiyo ungeiwasha hata kwa waya wa fensi.

Weka umbali na mzigo uone. Kwanza, umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo kisima cha mita 80 ni waya wa mita 160. Hapa hata mafundi wengi wanapiga hesabu nusu. Kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60228, waya wa shaba wa 2.5 usizidi omu (kipimo cha ukinzani) 7.41 kwa kilomita, katika joto la nyuzi 20. Mita 160 ni kama omu 1.2. Nilizima umeme, nikachomoa pampu, nikasokota ncha mbili pamoja kule kisimani, nikarudi kupima upande wa nyumba. Multimita (kifaa cha kupimia umeme) ikasoma omu 3.1.

Pampu ile ikizunguka inavuta ampea 8 hivi. Kwa waya halali volti zisizozidi 10 zingepotea njiani, na hilo linavumilika. Kwa waya wa mzee zinapotea 25. Lakini mota inapoanza inavuta mara tano au zaidi ya hapo, na ndipo mambo yanapoharibika: nyumbani multimita inasoma volti 228, kisimani inashuka chini ya 160. Kwa volti hizo mota haina nguvu ya kuanza. Inabaki imeganda huku inavuta umeme mwingi, na koili zinachemka. Kwa hiyo waya feki hauishii kukupotezea hela ya waya. Unaua pampu, halafu muuzaji anakuonyesha pampu iliyokufa kama ushahidi.

Kisima kingekuwa mita 10 kutoka ukutani, ukinzani ungekuwa omu 0.4, maji yangetoka na mzee angelisifia duka. Ndiyo maana mzigo huu unauzika miezi na miezi bila kelele. Wengi wanaufunga ndani ya nyumba, njia fupi, taa zinawaka, basi. Mimi huko ndani ndiko kunakonitisha zaidi. Breka ya ampea 20 inadhani inalinda waya wa 2.5, kumbe nyuma ya tofali kuna kiwaya cha alumini kinachotumikia jagi la umeme na pasi. Alumini ikibanwa kwenye skrubu ya soketi inalegea taratibu na kufanya ukoko usiopitisha umeme, halafu maungio yanachemka. Alumini yenyewe haina kosa, nyaya za kwenye nguzo ni zake. Ila kule inawekwa nene na kwa viungio vyake.

Na LUKU, mita yako ya malipo ya kabla, haikuhurumii. Mita iko nyumbani, upotevu uko mbele yake. Kwa ampea 8 na omu 3.1, kama wati 200 zinaishia kupasha udongo wa mtaro joto kila dakika pampu inapofanya kazi, na wewe ndiye unayezilipia.

Kabla ya kulipa, kwangua ncha ya waya kwa kisu mpaka ndani. Shaba ni nyekundu hadi kiini. Ukiona weupe chini ya ngozi, rudisha. Halafu omba mizani. Mita 100 za 2.5 zina shaba ya kilo 2.2 peke yake, kabla ya plastiki. Rola niliyoipima mimi kwenye duka jingine haikufika kilo moja na nusu pamoja na plastiki yake. Muuzaji alisema ni "teknolojia mpya".

Ukiwa na multimita, pima rola nzima ncha kwa ncha: mita 100 zisizidi omu 0.74. Gusanisha kwanza pini za multimita zenyewe uone zinasoma ngapi, utoe kiasi hicho, maana multimita za bei ya chini zinabeba omu 0.2 au 0.3 za kwake. Na usiridhike na namba bila kujua urefu. Rola ya 1.5 ya shaba safi yenye mita 60 inasoma karibu sawa na 2.5 ya mita 100, kwa hiyo ufupi unaweza kuficha wembamba. Pima mzunguko mmoja wa rola kwa tepu, zidisha kwa idadi ya mizunguko. Rola mbili za mzee zilipaswa kubakiza mita 40, zikabakiza vipande vya kufungia kuku.

Mzee tumemfungia shaba ya 4. Ukinzani wa njia nzima umeshuka hadi omu 0.7 na ushee, pampu inaanza bila kunguruma.

Uliyeuziwa mzigo kama huu, bidhaa bandia ni kazi ya FCC (Tume ya Ushindani), na ubora ni wa TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Nenda na risiti ya EFD, lebo ya rola, na mita chache za waya ambazo hazijachunwa. Mzee alipewa karatasi ya mkono isiyo na TIN wala jina la duka, na yule muuzaji sasa anasema hamfahamu.