Kabla hujanunua bastola ya kaliba ngeni kwa mashindano, soma mtutu

Ganda lenyewe la risasi bado ninalo. Liko kwenye mkebe wa kahawa pamoja na mengine kumi na matatu niliyoyaokota uwanjani siku ile. Ukililaza kiganjani kando ya ganda la kawaida la 9x19 (unene wa kichwa kwa milimita, kisha urefu wa ganda), utaona kitako kiko sawa, lakini huku juu mdomo umetanuka, umeacha ule wembamba wake wa kawaida. Ganda halitoki hivyo ila limefyatuliwa ndani ya chemba, yaani tundu la mtutu inamokaa risasi, isiyo yake.

Bastola niliinunua mwaka jana kwa muuzaji mwenye leseni. Tanfoglio ya chuma, ya kampuni ya Italia, imetumika lakini imetunzwa, iliyokuwa ya Mtaliano mmoja aliyeishi hapa Malindi miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Niliuliza ni kaliba gani, yaani inakula risasi ya kipimo gani. "Tisa milimita, dada. Risasi zake zimejaa nchi nzima." Risiti ikaandikwa 9mm, na makaratasi yote yakafuata neno hilo hilo. Nikanunua na visanduku vinne vya 9x19 hapo hapo dukani, kwa bei ambayo nikiikumbuka moyo unaniuma.

Siku ya kwanza uwanjani risasi zilitawanyika kwenye karatasi kama mtama uliomwagwa. Kwa mita kumi mimi huzikusanya zote ndani ya upana wa kisahani cha chai. Nikadhani ni mkono. Nikajaza tena. Nilipofyatua ya kumi na nne msimamizi wa uwanja akanisimamisha, akaniambia nitoe magazini na nivute slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, nyuma, kisha akainama kwenye dirisha la kutolea maganda na kusoma maandishi ya mtutu polepole: 9x21 IMI. Akanigeukia. "Bi, hii si tisa unayoijua."

Tangu hapo kila mwenzangu wa mashindano anayefikiria kaliba isiyo ya kawaida ananiuliza achague ipi. Sitawaeleza habari za mshiko, wala bastola inavyorusha mkono, wala usahihi wake kwa mita hamsini. Hayo kila muuzaji atakuimbia. Mimi ninauliza jambo moja tu ambalo sijasikia likiulizwa dukani: chemba yake inaikataa risasi isiyo yake?

Kwanza, kwa nini mtu aihangaikie kaliba ngeni. Katika mashindano ya IPSC, chama cha dunia cha kulenga shabaha kilichoanzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, nguvu ya risasi inaingia kwenye alama. Unachukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito), unazidisha kwa kasi yake kwa futi kwa sekunde, unagawanya kwa elfu moja. Kichwa cha greni 124 kikienda futi 1,050 kinapata 130.2. Hiyo ni maina, daraja la nguvu ndogo, kwa sababu kiwango cha maina ni 125. Ukitaka meja, daraja la nguvu kubwa, katika kitengo cha Open unahitaji 160, na katika Standard 170. Risasi ikipiga katikati kabisa, eneo la A, wote mnapata alama tano. Ikitoka kidogo ikaingia C, mwenye meja anapata nne na mwenye maina tatu. Ikienda D, ni mbili kwa moja. Tuseme umefyatua ishirini na nne, nane zikaenda C: umeacha alama nane mezani, na mkono wenu ni ule ule. Katika kitengo cha Production wote wanahesabiwa maina, kwa hiyo huko kaliba ngeni haikuongezei kitu.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni .40 S&W, kwa atakayeshindana Standard. Ilitoka mwaka 1990, na kwa sheria ya kitengo hicho meja inataka kichwa cha milimita 10 kwenda juu, kwa hiyo .40 imeingia mlango wa mbele. Greni 180 kwa futi 950 ni 171, umepita. Ni kweli chemba yake ni pana na risasi ya 9x19 inaweza kutumbukia ndani yake, na hilo ni hatari. Lakini .40 inalindwa na vidole. Ishike gizani: ni nene, pua yake imekatwa butu, uzito wake unausikia. Ukijaza magazini, kidole gumba kitakwambia kabla ya jicho kwamba hii siyo. Kwa macho yangu ulinzi huo unatosha, ndiyo maana nimeiweka juu.

Ya pili, kwa Open, ni .38 Super Comp. Mama yake, .38 Super, ni ya Colt, mwaka 1929. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akina Rob Leatham na Brian Enos waliichukua wakaipeleka mashindanoni, kwa sababu ilifikia meja kwa kichwa chembamba na moshi wake mwingi ulikandamiza mdomo wa mtutu kupitia kompenseta, kifaa chenye matundu kinachofungwa mdomoni. Ninachokipenda ni kitako. Kitako cha .38 Super kina kama milimita 9.75, cha 9x19 kina 9.93. Tofauti hiyo huioni, lakini chemba iliyokatwa sawasawa inaiona: risasi ya 9x19 mara nyingi inakwama, slaidi haifungi, bastola hailii. Inakataa. Tatizo la .38 Super ya asili ni kile kiukingo kidogo kinachotokeza kitakoni. Kwenye magazini ya safu mbili ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa ya chini, zinashikana na hakuna kinachopanda. Comp ni ile ile, ila ukingo umenyolewa karibu wote. Kama pesa yako inafika, chukua Comp. Isipofika, .38 Super ya kawaida inashika nafasi ya tatu, na magazini uzijaze kwa mkono wa subira, kila risasi ikilala mbele ya iliyo chini yake.

Ya nne ni 9x21, yangu mimi. Inaniuma kuiweka huku. Ilizaliwa kwa sababu Italia haikuwaruhusu raia kutumia 9x19 kwenye bastola, ikihesabiwa risasi ya jeshi. Ganda likarefushwa milimita mbili, kichwa kikazamishwa zaidi, na urefu wa risasi nzima ukabaki karibu ule ule. Sheria yao ililegezwa mwishoni mwa 2021, lakini bastola walizokuja nazo Wataliano kabla ya hapo zimeandikwa 9x21, na eneo letu hili, kuanzia Casuarina mpaka Watamu, limekaliwa na Wataliano kwa miongo. Kwa hiyo anayenunua iliyotumika huku Pwani ana sababu ya kuangalia mara mbili. Magazini ni zile zile. Sura ni ile ile. Ukiweka 9x21 kwenye bastola ya 9x19, slaidi haifungi na hakuna madhara. Ukigeuza, 9x19 inaingia mpaka ndani, kulabu inaishika kitako, pini inapiga, inalia. Milimita mbili za mbele ziko wazi, moto unapanua mdomo wa ganda pale, kichwa kinaruka pengo kabla ya kukutana na mtutu. Chemba haikatai. Nilifyatua kumi na nne bila kujua, na uso wangu ulikuwa nusu mita kutoka pale.

10mm Auto ina ugonjwa huo huo: mdogo wake .40 anaingia chemba yake bila kubisha hodi. 9x23 Winchester ina wadogo wawili, 9x19 na 9x21, na wote wanatosha. Sinunui.

.357 SIG watu wanaiuliza sana kwa ajili ya nguvu zake. Kichwa chake ni cha milimita 9. Katika Standard hata uipige kwa kasi gani, meja hupati, kwa kuwa haifiki 10. Umelipia kelele. Na atakayekuletea 5.7x28, .30 Super Carry, .380 au Makarov akasema zinafaa IPSC, mwambie kiwango cha chini kabisa ni 9x19. Hutaruhusiwa kuanza.

9x19 yenyewe ni rahisi, inapatikana, hata kiwanda cha risasi cha Eldoret kinaitengeneza. Anayeanza, au wa Production, achukue hiyo.

Kuhusu kampuni sifichi: mimi ni wa Tanfoglio. Wanatoka Gardone Val Trompia, bonde ambalo watu wake wamefua mitutu kwa karne nyingi, na umbo lao wamelichukua kwa CZ 75 ya Wacheki, slaidi ikitembea ndani ya reli za fremu. Chuma kizito, kinakaa mkononi bila kuruka. Na wao hawakunidanganya. Waliandika 9x21 waziwazi kwenye mtutu, herufi zimezama kwenye chuma, hata mchanga na chumvi ya bahari yetu havijazila. Aliyeshindwa kusoma ni aliyeniuzia.

Na hapo ndipo roho yangu haijatulia. Nilirudi dukani kwake, safari ya siku nzima kwenda na kurudi, na ganda lile mfukoni. Nikaliweka kwenye kioo cha meza. Akaliangalia, akalirudisha kwa kidole kimoja. "Dada, tisa ni tisa." Risasi nilizobakiza alikataa kuzipokea. Na sisi wa huku hatuna pa kwenda: risasi huwezi kumwomba dereva wa basi akubebee kama kifurushi cha nguo, lazima uende mwenyewe na cheti chako, kwa hiyo muuzaji anajua umeshalipa nauli, umeshalala mjini, na hutarudi mikono mitupu. Bei inapanda mtu akishasema anatoka Malindi. Sanduku linafunguliwa, zinahesabiwa risasi za kulegea mezani, lebo inabaki kwake. Bila lebo unajuaje ulichobeba?

Kwa hiyo fanya hivi dukani, kabla ya kutoa hata shilingi. Mwombe atoe magazini na avute slaidi nyuma, uone chemba tupu. Soma mtutu kupitia dirisha la maganda, wewe mwenyewe, kwa tochi ya simu. Namba kamili unayoiona pale, zote mbili, ndiyo iandikwe kwenye risiti, na ndiyo ipelekwe kwenye ombi lako la cheti kwa Bodi ya Leseni za Silaha, maana cheti kinataja silaha na risasi zake. Akiandika 9mm peke yake, mrudishie kalamu. Sanduku la risasi libaki na lebo yake mpaka nyumbani.

Mimi sasa nimeomba kibali cha kubadilisha mtutu niweke wa 9x19, fremu na magazini zibaki. Mpaka kitoke, Tanfoglio imekaa kwenye sefu, na visanduku vitatu na zaidi vya risasi ambazo haziruhusiwi kuingia ndani yake vimekaa rafu ya chini.