Vishikwambi vya darasa la sanaa skuli ya msingi: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kamati ya skuli ikishapata fedha za vishikwambi, huanza kuulizana vitapatikana vingapi. Kwa somo la sanaa swali hilo lisubiri kidogo, litangulie la kalamu. Mtoto wa darasa la tatu huchora akiwa amelaza kiganja kizima juu ya karatasi. Mpe kioo kisichotofautisha kiganja na ncha ya kalamu, utaona mistari inatokea mahali asipokusudia, picha inakuzika na kupinduka, na muda si muda ameshaacha kuchora anajipiga selfi. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kalamu, kisha uimara, kisha ukubwa wa kioo. Kasi ya prosesa nimeiweka mkiani, maana hakuna mchoro wa skuli ya msingi utakaoielemea.

Hesabu yangu ni ya darasa la watoto 40 lenye vishikwambi 10, kila kimoja kwa watoto wanne. Mmoja anachora, mmoja anapiga picha, wawili wanakata manila au wanapanga ukili, kisha wanapokezana. Kila mtoto na chake ni anasa, na anayekaa peke yake na kioo hamtazami mwenzake anachofanya. Tena skuli zetu nyingi zina mikondo miwili, kwa hiyo seti hiyo hiyo itatumika asubuhi na mchana. Vichache vilivyo imara vitadumu kuliko vingi vya kuungaunga.

Bei za maduka ya Darajani na Mlandege, mjini Unguja, hupanda na kushuka, basi ili tulinganishe nimetumia bei zilizotangazwa Marekani bidhaa zilipotoka. Huku kwetu utaongeza usafiri, kodi na faida ya mwenye duka.

1. Samsung Galaxy Tab S6 Lite

Hiki ndicho ningekinunua kwa fedha za skuli. Kilitoka 2020 kwa dola 349.99, kikafanyiwa matoleo mapya 2022 na 2024. Kioo ni inchi 10.4, betri ni ya mAh 7040, kinapokea memori kadi na kina tundu la hedifoni. Lakini kilichokipa nafasi ya kwanza ni kalamu, S Pen, ambayo imo ndani ya boksi. Haina betri wala haichajiwi, na inahisi nguvu ya mkono: mtoto akikandamiza mstari unanenepa, akilegeza unakonda. Kalamu ikiwa karibu na kioo, kiganja hakihesabiwi.

Tofauti hiyo utaiona siku ya somo la hina. Watoto wanapiga picha ya mkono wa mwenzao, wanafungua leya mpya (tabaka la kuchorea lililo juu ya picha) kwenye Sketchbook au Krita, programu zote mbili za bure, kisha wanachora maua kuanzia kifundoni kwenda vidoleni. Mistari ya hina inataka kuanza minene na kumalizikia kwenye ncha kali. Kwa S Pen mtoto anaifanya hivyo bila kufundishwa, mkono wenyewe unaelewa. Akikosea anafuta leya ya juu, picha ya mkono inabaki salama. Wavulana huanza kwa kucheka, halafu ndio wa mwisho kurudisha kishikwambi.

Kanga nayo inakaa vizuri mno kwenye leya: mji kwenye moja, pindo kwenye nyengine, jina kwenye ya tatu. Kwa pindo, mtoto achore kipande kimoja tu, akinakili, akigeuze kwenye pembe, mpaka kizunguke pande zote nne. Kipande kisipogawika sawasawa kwenye urefu wa kanga, pindo halikutani, na hapo atalazimika kurudi kwenye hesabu ya kugawanya bila mwalimu wa hesabu kuitwa. Jina la kanga mwalimu alipe muda wake, kwani ndipo watakapobishana zaidi.

Dukani usiridhike na neno "mpya". Fungua mipangilio utazame namba ya modeli. P610 na P615 ni za 2020, P613 na P619 ni za 2022, P620 na P625 ni za 2024. Zile za 2020 zimeishia Android 13, hivyo zikiuzwa kwa bei moja na za 2024 usizichukue. P615, P619 na P625 zina nafasi ya laini ya simu, ambayo darasani huihitaji. Mwaka 2025 imetoka Galaxy Tab S10 Lite, nayo ina kalamu ndani ya boksi. Ukiikuta kwa bei iliyo karibu, chukua hiyo.

Kasoro yake kubwa ni kwamba kalamu inashikwa ubavuni kwa sumaku tu, ikigongwa inadondoka. Nunua kava yenye mfuko wa kalamu, zungushia kila kalamu utepe wa rangi ya kishikwambi chake, na hesabu zote 10 kabla watoto hawajatoka.

2. Samsung Galaxy Tab A9+

Kama fedha hazifiki, nenda hapa. Kilitoka 2023, na Marekani kilianzia dola 219.99, kioo cha inchi 11, betri mAh 7040 vile vile. S Pen hakiipokei. Muuzaji atakupa kalamu yenye ncha ya mpira kama zawadi, pokea na useme asante, lakini ujue hicho ni kidole kilichorefushwa tu: haihisi nguvu ya mkono, na kiganja kitaharibu kazi kama kawaida.

Usikinunue kwa kuchora, basi. Kinunue kwa kamera, maana katuni za picha moja moja hazihitaji kalamu kabisa. Programu ya Stop Motion Studio ina toleo la bure linalotosha. Watoto wanafinyanga ngalawa ya udongo, wanaiweka juu ya manila ya buluu, wanaisogeza upana wa kidole, wanapiga picha, wanaisogeza tena. Picha 5 kwa sekunde zinatosha kwa umri huu, kwa hiyo picha 50 zinatoa filamu ya sekunde 10, kazi ya kipindi kimoja. Kishikwambi lazima kisitikisike: kisimamishe baina ya marundo mawili ya vitabu, kifunge kwa mipira ya kufungia noti, na weka alama za chaki mezani ili kikisogezwa kirudi pale pale. Madirisha ya upande wa jua yafungwe, la sivyo wingu likipita filamu nzima itapepesa.

Kama mwalimu tayari anacho kishikwambi kilichotumika kwenye Sensa ya 2022 na baadaye kikagaiwa kwa walimu, aanze na kazi hii kwa kikundi kimoja kabla skuli haijatoa hata shilingi.

3. iPad ya kawaida

Kama kifaa, ndiyo bora katika orodha nzima. Kama ununuzi wa skuli ya Unguja au Pemba, ni ya tatu. iPad ya 2025 ilitangazwa kwa dola 349, na kalamu inauzwa peke yake: Apple Pencil ya USB-C ni dola 79, na hiyo haihisi nguvu ya mkono. Kwa seti ya 10 hizo ni dola 4,280, wakati S6 Lite 10 kwa bei yake ya 2020 ni kama 3,500 na kalamu zimo. Tofauti ya dola 780 hununua makava, chaja na sanduku la kufungia, na chenji inabaki. Tena iPad hiyo haina nafasi ya memori kadi wala tundu la hedifoni.

Kinachowavuta watu ni iPad za mtumba kutoka Dubai na Ulaya. Hapo kuwa macho. Nyingi zilikuwa mali za kampuni au skuli za nje, na zikifutwa na kuunganishwa intaneti hujitangaza kuwa zinasimamiwa na mwenyewe wa mwanzo. Nyengine zimefungwa kwa akaunti ya Apple ya mtu asiyejulikana aliko. Mwambie muuzaji aifute mbele yako, washa hotspoti ya simu yako, uifuate hatua kwa hatua mpaka ifunguke. Akisema "mtandao hauna haja, iko poa", rudisha fedha mfukoni.

4. Vibao vya kuchorea vya kompyuta

Skuli yenye chumba cha kompyuta zinazofanya kazi itazame XP-Pen, Huion au One by Wacom. Havina kioo, vinachomekwa kwenye kompyuta, mtoto anachora mezani na mchoro unatokea mbele yake. Vidogo ni rahisi kwa bei kuliko kishikwambi chochote hapo juu, kalamu zake nyingi hazichajiwi, na Krita inakwenda nazo vizuri. Tatizo ni mkono kuwa huku na jicho kule. Wa darasa la tano watazoea, wa darasa la pili watakata tamaa.

5. Visivyonunuliwa

Vishikwambi vya inchi 7 vyenye kava la mpira na picha za katuni. Memori iliyoandikwa nje ya boksi mara nyingi si iliyomo ndani, Android yake ni ya zamani, kamera haioni vyema ndani ya darasa. Amazon Fire ya watoto ni imara zaidi, lakini haina duka la programu la Google, na waranti yake ni ya kurudisha Amazon, ambako kutoka Wete, Pemba, ni mbali.

Kabla hujalipa

Washa kila kimoja, si kimoja kwa niaba ya wenziwe. Shika alama ya programu yoyote kwa kidole uiburute kioo kizima, kona hadi kona. Ikiachia mahali pamoja kila mara, kioo hapo kimekufa. Kwa S Pen, chora mistari ya mshazari polepole, hasa kandokando, utazame kama inakatika au inatetemeka. Hakikisha chaja imo, maana siku hizi baadhi ya maboksi yana waya tu, na iwe ya pini tatu bapa. Dai risiti ya kielektroniki yenye namba za vifaa na waranti iliyoandikwa.

Tenga fedha za makava mazito na za protekta za kioo, na usizile hata kidogo kwa kuongeza kishikwambi cha 11. Kwa kuchaji, kifaa chenye matundu mengi ya USB kinatosha: vishikwambi 10 vikivuta wati 15 kila kimoja ni wati 150. Skuli ya sola inaweza kuvimudu. Likizo ndefu ikifika viache na chaji ya nusu, si vikavu wala vimejaa, ndani ya kabati isiyopigwa na jua. Skuli za pwani zifute vioo kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kukausha, kwa sababu chembe za mchanga zikisuguliwa kavukavu hukwaruza, na matundu ya chaji yazibwe, chumvi ya hewani huyala.

Programu zote zipakuliwe kabla ya somo, kisha intaneti izimwe. Programu ya kuchorea ya Ibis Paint ni nzuri, lakini toleo lake la bure lina matangazo. Kwa Pemba ongeza jambo moja: muulize fundi wa Chake Chake kioo cha modeli gani anacho au anaweza kukiagiza, na jibu lake liwe na uzito kuliko la muuzaji. Kifaa kinachosubiri kipuri kutoka Unguja kinaweza kumaliza muhula kabatini.